Shangazi, mgonjwa amefariki na michango yake bado iko kwenye simu yangu

Shangazi shikamoo,

Naomba jina langu na la stesheni yasitajwe maana sauti yangu inajulikana kuliko sura, nikiandika sentensi mbili tu hapa kuna watu watasema huyu ni fulani. Mi ni mtangazaji wa redio ya mtaani, redio ndogo ya FM ambayo ukitoka nje ya mji kidogo inaanza kukwaruza. Nafanya kipindi cha asubuhi, saa kumi na mbili mpaka saa nne, huu ni mwaka wa 11.

Nilianza kama kijana wa kujitolea, hamna mshahara, kazi yangu ilikua kupokea simu za salamu na kupanga CD, siku moja mtangazaji wa zamu kachelewa nikasukumwa studio nishike maiki dakika kumi tu redio isikae kimya, na zile dakika kumi ndo mpaka leo sijatoka. Mshahara wenyewe sio wa kusimulia, napata zaidi kwenye kusherehesha harusi kuliko kwenye mkataba, lakini kazi naipenda Shangazi, kiukweli naipenda.

Na kipindi changu sio muziki tu. Mtoto kapotea, wanakuja kwangu. Mtu kaokota kitambulisho, anakileta mapokezi anasema mpeni yule wa asubuhi. Damu imepungua hospitali, natangaza. Wapangaji na mwenye nyumba wamegombana wanataka niwasuluhishe laivu (nilikubali mara moja, nikajuta). Jumamosi nipo kwenye usafi wa mitaro, Jumapili nipo kwenye bonanza la vijana, msiba ukitokea naitwa kusoma ratiba hata kama marehemu simjui. Mke wangu anasema mi nimeoa redio yeye ni mchepuko. Mwaka huu Februari 13, Siku ya Redio Duniani, wasikilizaji walikuja na cheti na shada la maua mpaka getini, nililia.

Sasa ishu iliyonileta. Miezi saba iliyopita alikuja mama mmoja na kijana wake wa miaka 19, figo zimefeli zote mbili, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki na mama alishauza kila kitu. Walikua wanatafuta hela za kupandikizwa, ndugu wa kutoa figo yupo. Nikawaweka hewani, dogo akaongea vizuri sana, watu wakalia, simu zikaanza kuingia kila mtu anauliza tutume wapi, na mi pale pale bila kufikiria nikataja namba yangu ya simu. Namba ya mama ilikua haijasajiliwa vizuri na mi nilitaka tusipoteze ule moto. Wiki tatu tulikua tunatangaza kila asubuhi, hela zikaingia nyingi kuliko nilivyowahi kuona kwenye simu yangu.

Nikawa nalipia zile za kusafisha damu moja kwa moja hospitali, risiti nyingi ninazo. Alafu kabla vipimo vya upandikizaji havijakamilika dogo akafariki. Ghafla, usiku. Nilitangaza mwenyewe asubuhi yake na sijui nilimalizaje kile kipindi.

Kilichobaki ni zaidi ya nusu. Miezi miwili sasa ziko kwenye simu yangu na sijazigusa (nilitoa kidogo tu za mafuta na za mabango kipindi kile tunahamasisha, vitu vya kawaida). Baba mdogo wa marehemu anapiga kila siku anasema hela ni za familia niwape wajenge kaburi na wagawane. Mama mwenyewe hasemi kitu, nikimpigia analia tu anasema Mungu akubariki mwanangu. Kuna familia nyingine ina mgonjwa wa figo wamekuja studio mara mbili wanasema hela za figo si zipo. Wasikilizaji wameanza kutuma meseji, wengine wazuri wanauliza tu, wengine ndo hao, eti ndo maana kabadilisha simu. Simu niliibadilisha kwa sababu ya zamani ilipasuka Shangazi!

Meneja ndo kanimaliza. Kwanza kaniita kanambia nisiitaje hii habari hewani tena, inachafua stesheni na wadhamini wanauliza. Alafu wiki iliyofuata anasema nihamishie zile hela kwenye akaunti ya stesheni, wataanzisha mfuko wa jamii. Huo mfuko haupo, hauna jina, hauna kamati, na mishahara yetu ya mwezi uliopita imechelewa, kwaiyo unaelewa ninavyowaza. Nikakataa. Akanambia basi wewe unatumia maiki ya watu kwa mambo yako binafsi. Miaka 11 Shangazi. Mambo yangu binafsi.

Nimechoka. Nafikiria niachane na haya mambo ya jamii yote, nibaki kupiga nyimbo na kusoma salamu, saa nne nikitoka nimetoka. Mke wangu anaunga mkono. Je nitakua nimekosea? Na hizi hela nifanyeje, nimpe nani?

Ni mimi, Wa Asubuhi.

*

Marahaba mwanangu, na pole. Kumtangazia kifo mtu uliyemshika mkono ukamleta studio ni kitu ambacho hakuna anayekufundisha, na naona hata hujakaa chini ukamlilia yule dogo, umeingia moja kwa moja kwenye vita vya hela.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika mistari mingi kuhusu meneja, mingi kuhusu baba mdogo, na za mafuta na mabango umeziweka kwenye mabano na neno "kidogo tu" na "vitu vya kawaida". Mi nilikaa studio miaka 9 kabla sijahamia kwenye kuandika, najua mtu anaposhusha sauti makusudi ili jambo lipite chini ya muziki. Hapo ndipo penye kidonda chako kwaiyo tuanzie hapo, baba mdogo atasubiri.

Sikuiti mwizi. Ukweli naamini mafuta yalikua mafuta na mabango yalikua mabango. Lakini aliyetuma hela yake alituma kwa ajili ya figo, hukumwambia kuna mafuta ndani yake, na kama hukumwambia basi hizo umekopa bila kuomba. Piga hesabu yake yote, mpaka senti ya mwisho, uirudishe kutoka mfukoni kwako, hata kwa awamu ukishasherehesha harusi mbili tatu. Najua itauma na najua wengine watasema mbona gharama za uhamasishaji ni halali, ndiyo ni halali zikitajwa mwanzo. Zikitajwa mwisho watu wakishaanza kunong'ona zinaitwa jina lingine.

Kuna DJ mmoja wa Marekani, Alan Freed, huyu ndiye aliyelifanya neno rock and roll lizoeleke redioni, alikua anapendwa balaa. Mwaka 1959 akapoteza kazi kwenye ile skendo ya watangazaji kupewa hela chini ya meza ili wapige nyimbo za watu. Kesi ikaja kuisha 1962, akakiri, faini yenyewe dola 300. Dola 300 tu! Lakini hakuinuka tena, 1965 akafa ana miaka 43. Hakimu alimdai hela kidogo, wasikilizaji na mabosi wakamdai kila kitu. Wewe hujahongwa na mtu na sikufananishi naye, nakuonyesha tu kwamba kwenye kazi yetu ukubwa wa hela na ukubwa wa shaka haviendi pamoja, hela ya mafuta inatosha kabisa kukumaliza.

Sasa kosa lenyewe, na hili nalisema kwa upole kwa sababu ningekua mimi asubuhi ile na simu zinaingia vile pengine ningelifanya pia. Kosa ni kutaja namba yako. Basi. Meneja anasema umetumia maiki kwa mambo yako, kakosea, mtoto aliyepotea sio jambo lako binafsi na redio ya mtaani isiyotangaza mtoto aliyepotea sijui ipo ya nini. Ila pale hela ilipoanza kupita kwenye simu yako, jambo la watu wote likawa na sura ya jambo lako, na hapo ndo umempa maneno ya kusema.

Unajua kwa nini watu walituma bila kuuliza namba ni ya nani? Mwaka 1956 watafiti wawili, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika kuhusu hiki kitu, kwamba msikilizaji anajenga urafiki na mtu wa redioni ambaye hajawahi kukutana naye, anamjua anavyocheka, anajua lini ana mafua, anamjibu peke yake jikoni. Urafiki wa upande mmoja. Wewe humjui, yeye anakujua miaka 11. Mtu huyo hakutuma hela kwa mtangazaji, alimtumia rafiki yake wa asubuhi. Ndo maana meseji zile mbaya zinakuuma hivyo, na ndo maana yeye pia anaumia akihisi rafiki kamzunguka. Wote wawili mmetegeana imani ambayo hamkuwahi kuizungumza.

Wenzetu waliofanya hizi kazi muda mrefu walilijua hili mapema. BBC wanaombea misaada redioni tangu 1926, dakika chache kila wiki, anakuja mtu maarufu anasoma ombi kwa sauti nzuri, hela zinaenda kwa shirika linaloombewa, msomaji hata hazioni. Uholanzi mwaka 2004 watangazaji wa redio ya 3FM walijifungia kwenye nyumba ya vioo katikati ya mji wa Utrecht, hawali, wanakunywa juisi tu na kupiga nyimbo watu wanazozichangia, kelele zote zile, uchizi wote ule, na hela ikaenda Msalaba Mwekundu. Wale watangazaji walitoa sauti, usingizi na njaa, namba zao za simu hawakutoa.

Haya, tuje kwenye kufanya.

Kesho, kama sio Jumapili, nenda kwa watoa huduma wa simu uchukue taarifa ya miamala ya miezi yote saba, iliyochapishwa, yenye mhuri. Usitegemee meseji za kwenye simu, hasa ukizingatia umebadilisha simu (na nakuamini ilipasuka, lakini ndo hivyo). Risiti za hospitali ulizosema "nyingi ninazo", zile zisizopo nenda kaombe nakala kwa mhasibu wa hospitali, wanatunza. Weka kwenye karatasi moja: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi kwenda wapi, za mafuta na mabango ngapi, umerudisha ngapi, zimebaki ngapi. Karatasi moja, hata bibi yako aielewe. Mpaka hapo usiongee na baba mdogo wala meneja wala mtu wa meseji.

Alafu nenda kwa mama. Usimpigie, nenda, na usiende peke yako, mchukue mkeo, atakusaidia kuliko unavyodhani. Mpe ile karatasi. Muulize swali moja tu la hela: kuna deni lolote la matibabu ya mtoto limebaki popote, hospitali, maabara, duka la dawa, kwa jirani aliyemkopesha nauli ya kliniki? Hilo linalipwa kwanza, tena hapo hapo bila mjadala, maana watu walitoa kwa matibabu ya yule kijana na deni la matibabu yake ndo matibabu yake. Mama wa namna hii akisema Mungu akubariki mara nyingi anaficha deni asionekane anaomba tena. Kaa kidogo. Mwache aongee kuhusu mtoto, sio kuhusu hela.

Baba mdogo. Anaumia na yeye, lakini jibu ni hapana. Hela haikutolewa kwa ukoo, ilitolewa kwa figo. Kaburi mnaweza kulichangia upya na wewe ukawa wa kwanza kutoa, yako, ya mfukoni. Ukimpa hizi leo kwa sababu anapiga kila siku, utakua umefundisha mji mzima kwamba anayepiga simu sana ndo anayepata. Na kama mama mwenyewe ana shida ya kweli ya kuishi, manake alishauza kila kitu kama ulivyosema, hilo nalo litangaze waziwazi uwaulize wachangiaji, usiliamulie kimya kimya. Mi nadhani wengi watakubali.

Kinachobaki baada ya deni, mwenye kutaka chake arudishiwe, una taarifa ya miamala kila jina lipo na kiasi, mpe wiki mbili aseme. Watakaodai watakua wachache sana, naweza kukuahidi, lakini lazima mlango uwe wazi. Zitakazobaki ziende kwa wagonjwa wengine wa figo. Na hapa angalia, sio kwa ile familia iliyokuja studio mara mbili eti kwa sababu imekuja. Nenda kwenye kitengo cha kusafisha damu pale pale alipokua dogo, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, yeye ndo anajua nani kakosa vipindi vyake wiki hii kwa kukosa hela. Ile familia nayo iende kwake. Hela ilipwe hospitali, upewe risiti yenye mhuri, namba yako ya simu ifikie sifuri na wewe upige picha hiyo sifuri. Siku hiyo utalala.

Kuhusu kuhamishia akaunti ya stesheni, ulifanya vizuri kukataa. Mfuko usio na jina wala kamati, kwenye ofisi inayochelewesha mishahara, hapana. Lakini usikatae kwa mdomo kwenye korido, andika barua, nusu ukurasa, kwa heshima zote: hela zilikusanywa kwa lengo hili, mpango wa kuzimaliza ni huu, taarifa imeambatanishwa, naomba dakika nne za hewani kuwafahamisha wachangiaji. Akuwekee saini kwamba kaipokea. Mkumbushe pia kwamba hiyo redio ina leseni, na anayetoa leseni akisikia wasikilizaji walichangishwa hewani wakanyimwa majibu atauliza stesheni kabla hajakuuliza wewe. Usiseme kama kitisho. Sema kama mtu anayemwonea huruma bosi wake. Wadhamini wanaogopa ukimya kuliko wanavyoogopa maelezo, hili nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Akikunyima hewa kabisa? Basi andika tangazo ubandike getini pale walipokuletea maua, na soma kwenye bonanza lako la Jumapili. Lakini sidhani itafika huko.

Sasa swali lako kubwa, uache mambo ya jamii ubaki na nyimbo na salamu. Nitakua muwazi: hutaweza. Kuna watu wa nyimbo na salamu na ni wazuri sana, wewe sio mmoja wao, barua yako yenyewe imeandikwa mistari mitatu kuhusu mshahara na aya nzima kuhusu mitaro na vitambulisho. Na simu za watu zina nyimbo zote sa hivi, kinachomfanya mtu afungue redio yenu inayokwaruza ni wewe kujua kwamba mtoto wa fulani kapotea. Ukiondoa hilo meneja atagundua ndani ya miezi mitatu alichokua anakiita mambo yako binafsi ndo kilichokua kinaleta wadhamini. Ila sitaki agundue kwa wewe kuungua.

Kwaiyo punguza, usiache. Misiba ya watu usiowajua, acha, wana ndugu zao wa kusoma ratiba. Usuluhishi laivu, hukuhitaji mimi kukwambia. Chagua jambo moja la nje ya studio kwa wiki, moja, lingine mfundishe yule kijana wa kujitolea anayepokea simu za salamu sasa hivi, maana lazima yupo, kila redio ina mmoja. Mwombe meneja kwenye mkataba ujao hizo saa za nje ziandikwe kama kazi, zikiandikwa zitakua na kikomo. Na michango ya hewani iwe na sheria isiyobadilika hata dogo akilia vipi: namba ya hospitali au akaunti ya shirika lililosajiliwa, watu watatu wa kusimamia na wewe usiwemo, na tangu siku ya kwanza mnatangaza ikizidi au mgonjwa akifariki inaenda wapi. Nchi nyingi kuchangisha umma kunataka kibali, uliza ofisi ya serikali iliyo karibu kabla hujafungua mdomo. Ule moto unaouogopa kuupoteza utasubiri saa ishirini na nne, na usiposubiri basi haukua moto wa kutosha figo.

Ukipata zile dakika nne, usiimbe, usijitetee, usitaje simu iliyopasuka. Mi ningesema hivi: "Ndugu zangu, mlichangia matibabu ya kijana wetu na mlitumia namba yangu. Hilo lilikua kosa langu, hela za watu hazitakiwi kukaa kwenye simu ya mtu mmoja. Zimeingia kiasi hiki, hospitali imelipwa kiasi hiki, nilitumia kiasi hiki kwenye mafuta na mabango bila kuwaambia na nimekirudisha. Zimebaki hizi. Anayetaka chake ana wiki mbili, zinazobaki zinalipwa hospitali kwa wagonjwa wengine wa figo, na nitawasomea risiti hapa hapa." Soma taratibu. Ukifika kwenye mafuta na mabango sauti itataka kushuka, ipandishe.

Alafu piga wimbo, fungua simu, na zipokee zote, hata za yule wa meseji za simu mpya. Jumapili hii kaa na mkeo, bonanza litachezwa bila wewe.